Nondo wa Sanduku la Bi Nasra

Raya alirudi Tabora siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, wakati nahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Bajaji ilisimama mbele ya kibanda changu cha ushonaji, akashuka mama mmoja mwenye baibui jeusi na miwani ya jua, akabaki amesimama juani akinitazama. Nikamkaribisha kama ninavyomkaribisha kila mteja: "Karibu mama. Ni cha kushona au cha kurekebisha?" Akavua miwani, na kabla hajasema neno nikaiona nyusi ya kushoto, ile ambayo tangu usichana wetu ilikaa juu kuliko mwenzake, kama vile upande mmoja wa uso hauamini unachoambiwa. Sindano ikaniponyoka. "Agnesi," alisema, "bado unakata uzi kwa meno?" Nilitaka kumjibu kwa maneno ya mzaha, maana tulikuwa watu wa mzaha, lakini mikono ilitangulia. Tulishikana tu pale mlangoni, vikongwe wawili, mpaka dereva wa bajaji akatuuliza kama mzigo aushushe au arudi nao stendi.

Mchana alilala nyumbani kwangu, amechoka na safari. Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, nachambua mchele, nasikiliza anavyopumua. Alikuwa akipumua vilevile, kwa kituo, pumzi moja ndefu halafu kimya, halafu nyingine. Nilikuwa nimelala chumba kimoja na pumzi ile kwa mwaka mzima, nikaishi bila ya kuisikia miaka arobaini na zaidi, na sikujua kwamba sikio langu lilikuwa limeitunza. Mchele ukanishinda. Nikauacha kwenye ungo, nikaanza kuukumbuka mwaka ule tangu mwanzo.

Nilizaliwa wapi na nani, hayo yana siku yake. Inatosha kusema nilitoka Goweko nikiwa na miaka kumi na tisa, vidole vyangu bado vina weusi wa utomvu wa tumbaku usiotoka kwa sabuni, nikaja mjini kujifunza kushona kwa Bi Nasra. Alikuwa mwanamke wa Kiarabu wa hapahapa Tabora, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Nyumba yake ilikuwa nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma. Kwanza baraza, halafu duka la vitambaa, halafu chumba chenye vyerehani viwili, halafu ukumbi, halafu ua wenye jiko na kisima kilichofunikwa bati. Upande wa kulia wa ua kulikuwa na chumba chetu, mimi na Raya bintiye, vitanda viwili vya kamba na dirisha moja. Upande wa kushoto kulikuwa na chumba chake yeye. Humo, chini ya dirisha lisilofunguliwa, lilikaa sanduku la msaji lenye njumu za shaba. Siku ya kwanza kabisa aliponionyesha nyumba aliligusa kwa ncha za vidole akasema, "Hili hulifuti, hulisogezi, huliketii. Vingine vyote ni vyako kama vya Raya."

Na kweli vilikuwa vyangu. Jumapili nikienda kanisani walinisubiri na chakula cha mchana hata kama ni saa nane. Mwezi wa Ramadhani nilikula peke yangu nyuma ya jiko kwa adabu, na Raya alikuwa anakuja kuchutama pembeni yangu. "Nanusa tu," alikuwa anasema. "Kunusa hakufunguzi." Alhamisi palipikwa bokoboko, ngano na nyama vikapondwa mpaka vikawa uji mzito, samli ikamwagwa juu. Mimi nikitoka kwetu nililetea nyumba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaichemsha na karanga zilizotwangwa. Bi Nasra aliipenda mno lakini aliila jikoni, mlango umerudishwa, kwa sababu kaka yake, Bwana Khalfani, alisema hicho ni chakula cha shamba. Mara nyingine naikumbuka sura yake pale, bakuli mkononi, sikio mlangoni, mama mzima wa kuheshimiwa akitafuna michembe kama mtoto aliyeiba sukari.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na joho la mumewe. Raya ndiye aliyenieleza, tukiwa tumelala chali kila mtu kitandani kwake wakati wa jua kali. Baba yake, Bwana Saidi, alikuwa amekwenda Maskati kwa ndugu zake kutengeneza biashara, akaahidi mwaka mmoja. Sasa ilikuwa mwaka wa tisa. Joho la sufu, la rangi ya ngamia, lenye utepe wa kasabu ya dhahabu shingoni na kwenye mapindo, alilivaa siku ya harusi yake, na siku ya kuondoka alilikunja mwenyewe akalitia sandukuni. "Alimwambia mama, weka hili, nitalivaa siku namwoza Raya." Raya alikuwa akisema hivyo huku anatabasamu na dari. Alikuwa na miaka kumi alipoondokewa. Alimkumbuka baba yake kwa harufu ya udi na kwa kikohozi kimoja alichokuwa akikohoa kabla ya kuingia ndani, ili watu wajue anakuja.

Nondo niliwaona mvua zilipoanza. Ukitaja nondo leo wajukuu zangu wanafikiri vyuma vya zege, kwa hiyo nieleze. Ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, wa manjano, lakini si manjano ya ua la alizeti. Ni manjano ya bua kavu la mpunga likipigwa na jua, yenye mng'ao kidogo, bila doa wala mstari. Kichwani ana nywele nyekundunyekundu zilizosimama kama za mtu aliyeamshwa ghafla, na pembeni mwa mabawa ana matamvua membamba sana, mazuri kuliko yoyote niliyowahi kuyashona. Wadudu wengine wa mvua walikuja kwenye taa, wakazunguka, wakaungua. Huyu hakutaka taa. Nilikuwa nafagia chumba cha Bi Nasra asubuhi moja, nikamwona mmoja ametokea kwenye tundu la ufunguo la lile sanduku. Mwanga wa mlango ulipomfikia hakuruka. Alikimbia kwa miguu, mbiombio, kama mtu aliyesahau kwamba ana mabawa, akajipenyeza chini ya sanduku. Nyuma yake akatoka mwingine.

Nikamwambia Bi Nasra. Akasema, bila kuinua uso kwenye kitambaa alichokuwa anakata, "Wadudu wa mvua hao." Nikamwambia hawa hawaji kwenye taa, wanatoka sandukuni. Akasema, "Sanduku la msaji haliingii mdudu, Agnesi." Sikubishana naye. Lakini nilikuwa na umri ule ambao ukiambiwa jambo silo, unawashwa. Nikamnasa mmoja kwa kifuniko cha kopo la bizari, jike, tumbo limejaa, nikamtia kwenye chupa ya jemu pamoja na kipande cha blanketi la sufu, nikafunika kwa karatasi yenye matundu ya sindano na kuficha chupa chini ya kitanda changu. Raya aliiona siku ileile. Nilidhani atanisema, kumbe alilala kifudifudi sakafuni akaanza kuchungulia.

Ile chupa ikawa kazi yetu ya pili baada ya kushona. Nondo yule hakula kitu. Tulimwekea asali, tukamwekea maji ya sukari kwenye pamba, hakugusa. Baada ya siku chache alikuwa ametaga mayai kwenye nyuzi za blanketi, meupe, madogo kama chumvi ya unga, yameshikana na sufu usiweze kuyapuliza. Halafu akafa, amekunja mabawa vizuri. Baada ya wiki mayai yakatoa viwavi vyeupe, vyembamba kuliko uzi, vyenye vichwa vya kahawia, na hivyo ndivyo vilivyokuwa na meno. Kila kimoja kilijisokotea bomba la hariri kikaishi ndani yake, kikitoa kichwa tu kula. Raya akapata wazo la kuwawekea nyuzi nyekundu za sufu, na baada ya siku kadhaa tukaona mabomba yamekuwa mekundu. Tukawawekea za kijani, zikaongezeka pete za kijani. Tulicheka mpaka Bi Nasra akagonga ukuta. "Wanajishonea," Raya alisema. "Tena bila mwalimu." Tulikuwa na miaka kumi na tisa na hatukuwa tumewahi kuonyeshwa kitu na mtu yeyote kwamba kitazame tu, hivihivi, kwa sababu kinavutia. Tulijionyesha wenyewe.

Ila mimi, kadiri nilivyotazama, ndivyo nilivyoogopa. Kile kipande cha blanketi kilikuwa kimebaki wavu. Nikawaongezea vingine viwili, nikagundua kwamba kile nilichokuwa nakitoa na kukikung'uta mara kwa mara kiliachwa, na kile kilichokaa gizani bila kuguswa ndicho kilicholiwa. Nikajipa moyo, nikaichukua chupa, nikampelekea Bi Nasra ukumbini alipokuwa anakunywa kahawa. "Bi Nasra, nisamehe. Hawa ndio wale. Tulitoe joho tulianike, tulipige brashi, tulirudishe. Ni kazi ya siku moja." Aliishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga. Aliwatazama muda mrefu, kuliko mtu anayemtazama mdudu. Halafu akanirudishia. "Nguo za mtu zinatolewa sandukuni zikaanikwa zote pamoja akiwa amekufa," alisema. "Mume wangu hajafa. Kitoe kitu hiki nyumbani kwangu." Nikaenda kuwamwaga uani, kuku wakawadonoa wote na mabomba yao ya rangi. Raya aliniangalia kutoka mlango wa jiko.

Yapata wiki mbili baadaye, mchana baada ya Alasiri, nilikuwa chumba cha vyerehani natia vifungo. Mlango wa kwenda ukumbini ulikuwa na pazia tu. Bwana Khalfani alikuwa amekuja, nami nilimsikia akipunguza sauti, na mtu mwenye sauti nene akipunguza sauti ndipo unapomsikia vizuri. "Nasra, mpaka lini? Mwenzio ana mke kule. Ana watoto wanne. Mimi nimekuficha mwaka wa kwanza, wewe mwenyewe ukajua mwaka wa tatu. Unamngoja nani?" Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani. "Sijasema namngoja," alijibu Bi Nasra. "Basi mwambie mtoto." "Raya ana baba. Ukimwambia, hana baba, ana mwanamume tu aliye mbali. Mwache awe naye kidogo." Kifungo nilichokuwa nashona nikakishona upande usio wake. Nilielewa palepale kwa nini sanduku halifunguliwi. Bi Nasra hakuwa na shaka yoyote kuhusu wale nondo. Alijua wamo, na alijua wanakula nini.

Sikumwambia Raya. Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba siri haikuwa yangu, na ni kweli haikuwa yangu, lakini hiyo siyo sababu. Sababu ni kwamba nilimpenda akiwa vile alivyokuwa, mwenye baba, anayetabasamu na dari, na sikutaka kuwa mimi nitakayemwondolea. Siku moja nilikaribia kumwambia. Raya alikuwa amesema kama mama hataki sanduku lifunguliwe, basi tulizungushie majani ya mwarobaini kwa nje, labda harufu itawafukuza, na mwarobaini mzuri ulikuwa kwa shangazi yake Kwihara. Tukaazima baiskeli, mimi nikaendesha, yeye akakaa kwenye keria ameshika kiuno changu, baibui limekunjwa lisinaswe na spoku. Njia ilikuwa ya mchanga, ileile ya misafara ya zamani. Babu zake walipita pale wakitangulia mbele ya mizigo, na babu zangu walipita wakiwa chini ya mizigo. Hilo tulilijua sote wawili, na siku ile halikutuzuia kuanguka mara tatu na kucheka mara zote tatu. Mara ya tatu tulibaki tumelala pembeni ya njia, baiskeli juu yetu, gurudumu linazunguka. Akasema, "Agnesi, baba akija, nitamwambia siolewi mpaka na wewe upate mume mtaa huuhuu." Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote kinywani, yamejipanga. Nikasema, "Amka, jua linazama." Jua lilikuwa juu utosini.

Tiketi ilikuja kiangazi kilipoanza. Bwana Saidi alimtumia binti yake tiketi na barua fupi: Raya aje, amekua, aishi na baba yake. Mama hakutajwa ila kwa salamu. Raya aliisoma ile barua kama mtu anayekunywa maji, haraka, yote, bila kuonja. Aliruka uani, akambeba paka, akacheza naye. Bi Nasra alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha, akawa anatabasamu. Ndipo Raya akasema, "Mama, nitampelekea joho lake! Huko ndiko atalivaa. Nipe." Mchicha ukabaki mkononi. Nilimwona Bi Nasra akitafuta neno la kukataa asilipate, kwa sababu halikuwepo. Mtoto anataka kumpelekea baba nguo yake, utakataaje? Akainuka, akajipangusa mikono kwenye kanga, akatoa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. "Njooni wote wawili," akasema.

Kifuniko kilipoinuka, wakatoka. Labda walikuwa thelathini, labda mia. Manjano yao yote yalipanda kwa pamoja kwenye mwanga wa mlango, halafu yakatawanyika ukutani, kwenye chandarua, kwenye nywele za Raya. Bi Nasra aliinama akalishika joho mabegani, kwa adabu, kama unavyomshika mtu mgonjwa kumwinua. Liliinuka kidogo, kisha likaachia. Sufu ilidondoka vipandevipande, na vumbi, na yale mabomba ya hariri mamia, yote rangi ya ngamia. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kasabu peke yake. Nondo hali dhahabu. Ule utepe wa shingo na mapindo ulining'inia mzima, unang'aa, ukiwa bado na umbo la mwanamume ambaye hakuwemo. Raya alilia. Bi Nasra hakulia. Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, "Haya. Leteni kamba. Tuanike vyote."

Tukatoa kila kitu. Kanzu tisa, vikoi, vizibao, kilemba cha harusi, vingine vimeliwa, vingine vizima. Kamba ilijaa kutoka jikoni mpaka kisimani, na kwa kuwa ua haukutosha tukafunga nyingine barazani, mbele ya duka, mbele ya mtaa. Haikupita nusu saa akaja jirani yetu Mama Mwajuma, kanga amejitanda mpaka kichwani, machozi tayari. "Bi Nasra! Inna lillahi! Poleni jamani, poleni na msiba." Nilimtazama Bi Nasra, nikingoja amwambie hapana, tunapiga vita wadudu tu. Bi Nasra alikuwa ameshika kizibao mkononi. Akakianika, akakinyoosha, akasema, "Tumeshapoa." Mama Mwajuma akaangua kilio. Wakaja wengine. Mikeka ikatandikwa, mtu akaanza kupika chai bila kuombwa, wanaume wakakaa barazani. Wakamwuliza amefariki lini. "Siku nyingi," alisema Bi Nasra. "Sisi ndio tumechelewa kupata habari." Mama Mwajuma akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu namimina chai, "Na eda, shoga yangu, unaianza leo?" Akajibu, "Eda nimekwisha kuikaa. Miaka tisa."

Bwana Khalfani alifika mbio, kofia mkononi. Akapita katikati ya waombolezaji mpaka uani tulipokuwa. "Umefanya nini, Nasra? Umemuua mtu aliye hai!" "Sikumuua. Watu wamenipa pole, nimepokea. Pole nilistahili." "Mtu ana mke kule, ana watoto wanne, anakula na kulala vizuri, wewe huku unamfanyia matanga!" Alikuwa amemsahau Raya, aliyekuwa amesimama nyuma ya kanzu za baba yake zinazopepea. Raya akazitenga kwa mikono kama pazia. Hakumtazama mjomba wake, wala mama yake. Alinitazama mimi, kwa sababu tulikuwa tunajuana usoni, na usoni mwangu hakuona mshangao. "Ulijua," alisema. "Kule Kwihara. Ulijua." Akaingia chumbani kwetu akafunga mlango, na siku nne zilizobaki nililala chumba cha vyerehani.

Siku ya treni nilibeba sanduku lake dogo mpaka stesheni, nikitembea hatua kumi nyuma. Bi Nasra alikuwa ameniambia niifumue ile kasabu na kuishona kwenye mtandio mweupe, Raya awe nao safarini. Raya aliuacha kitandani. Pale kwenye behewa alimkumbatia mama yake muda mrefu, akapanda, akakaa upande wa pili usio na watu wa kuaga. Niliona kisogo chake tu. Treni iliondoka kuelekea mashariki, na mimi nilisimama nikihesabu vituo ambavyo ingepita, kwa kuwa ilikuwa njia ya kwetu.

Bi Nasra aliishi miaka mingi baada ya hapo, na nitasema kwa haki, aliishi vizuri. Alifungua dirisha la chumbani. Michembe akaila barazani, mchana, watu wakimwona. Sikukuu ya Idd iliyofuata alipaka hina, akautwaa ule mtandio wenye kasabu, akajitanda yeye mwenyewe, akapita nao mtaani. Alinifundisha kila alichojua, na alipougua mimi ndiye niliyemwosha miguu. Raya alimwandikia, akamwita, yeye akakataa kwenda. Katika barua zile mimi nilikuwa na mstari mmoja mwishoni: msalimie Agnesi. Nilikuwa nausoma mstari huo, kisha naomba niusome tena. Na katika miaka yangu yote ya kushona nimewaua nondo wale wengi, kwa jua, kwa brashi, kwa pasi ya mkaa, lakini mara mojamoja nimemwona mmoja akikimbia kwa miguu juu ya meza, nikamwacha afike ukingoni. Anakula utotoni tu, huyu. Akishaota mabawa hali tena, anaishi kwa kile alichokula zamani. Nimekuwa na mume mwema, nimezaa, nimezika. Sikosi kitu. Hata hivyo kuna mwaka mmoja tu ambao nimekuwa nikiurudia kila ninapokaa peke yangu na kazi ya mkono.

Raya aliamka saa kumi. Nilimwekea wali na maharage ya nazi, akala kwa mkono, akimaliza kila punje. Kisha akaniambia mambo ya baba yake. "Alikuwa mtu mwema tu, Agnesi. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilikwenda nimejiandaa kumchukia, akawa anakohoa kabla ya kuingia ndani." Alikuwa amezikwa zamani. Raya naye aliolewa kule, akalea, akafiwa na mume mwaka jana. Nikamwambia jambo nililotakiwa kumwambia pembeni ya njia ya Kwihara, kwamba nilijua, kwamba niliogopa, kwamba anisamehe. Akaguna. "Nilikusamehe kwenye treni. Tena kabla hatujafika Goweko. Nilitaka kushuka kwenu nirudi kukwambia, treni ikasimama dakika chache, watu wanauza kuku dirishani, nikasimama mlangoni, nikaogopa. Halafu kila mwaka nikasema mwakani." Dakika chache zile Goweko nimezifikiria tangu Jumatano kuliko miaka yote mingine.

Juzi tulikwenda makaburini kwa mama yake, tukang'oa majani, akasoma dua, nikasimama pembeni na yangu. Jana asubuhi akaja kibandani, akafunua mfuko, akatoa kitambaa cha bluu alichokuja nacho toka kule. "Nishonee gauni," alisema. "La kawaida, la mikono mirefu. Nikishalivaa ndiyo nitaondoka." Nikachukua futi, nikampima mabega, nikampima kifua, nikampima mkono uliokuwa mwembamba na sasa umejaa, nikawa nachelewa kwa makusudi kwenye kila kipimo. Alisimama ametulia kama mtoto anayevalishwa.

"Litachukua muda gani?" akaniuliza.

Gauni la namna ile nalianza baada ya chai na kulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

"Wiki tatu," nikasema. "Kazi ni nyingi."

Meza yangu ilikuwa tupu, haina hata kipande. Raya akaitazama, akanitazama mimi.

"Fanya nne," akasema.